Kuvua krapi na brimu kwenye kinamasi cha Caddo, hatua kwa hatua

Kila nikirudi na ndoo imejaa, majirani zangu hapa apatimenti, Wakenya, Wakongo na Watanzania wenzangu wawili watatu, wananiuliza swali lile lile: unawatoa wapi na unawatoaje. Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Naongelea ziwa Caddo, lile lililokaa mpakani mwa Texas na Louisiana, kama masaa matatu hivi kutoka Dallas na chini ya saa moja kutoka Shreveport. Msifikirie ziwa kama letu la kule Mwanza unaloangalia maji mpaka macho yanachoka. Hili ni kinamasi, miti ya saipresi imesimama ndani ya maji yenyewe, imening'iniza majani ya kijivu kama ndevu za babu, maji yana rangi ya chai ya rangi, na sehemu kubwa kina chake ni futi chache tu. Pembeni kuna kamji kanaitwa Uncertain, yani mji jina lake ni "hakuna uhakika", na safari yangu ya kwanza ndo nilirudi hivo hivo, sina uhakika na sina samaki.

Hiyo safari niisimulie kidogo maana ndo somo lenyewe. Mi nimekulia ziwani, nilijiona najua kuvua, nikaweka risasi nzito, ile ya kuzamishia mshipi, nikashusha chambo mpaka chini kwenye tope nikakaa kusubiri kama nasubiri kambare. Masaa manne hamna kitu. Hatua chache pembeni yangu kuna mzee mmoja Mmarekani mweusi amekalia ndoo, ana mwanzi mrefu hauna hata rili, anatoa mmoja anaweka, anatoa mmoja anaweka, na chambo chake ni vidagaa kama vyangu, tumenunua duka moja. Mwisho akanionea huruma akaniambia, kijana, unavua chini ya samaki. Akanishushia boya langu likabaki kama futi tatu tu za mshipi chini yake, akanisogeza karibu na shina la mti. Haikuisha dakika tano.

Sasa tuanze.

Wajue unaowatafuta

Krapi, huku kusini wanatamka "kropi", na ukivuka upande wa Louisiana wanamwita "sakalei", Wakongo mnaojua Kifaransa mtasikia "mfuko wa maziwa" ndani yake, nyama yake ni nyeupe kweli. Wako wa aina mbili, mweupe na mweusi. Usidanganyike na rangi kwasababu dume la krapi mweupe likifika msimu wa kutaga linaweza kuwa jeusi pia, we hesabu miiba ya pezi la mgongoni: mweupe ana 5 au 6, mweusi ana 7 au 8. Kwenye sufuria hawana tofauti. Wa kawaida ana inchi 9 mpaka 12, akifika 12 anakaribia nusu kilo. Rekodi ya dunia ya krapi mweupe ni pauni 5 na aunsi 3, alitolewa Mississippi mwaka 1957, na mpaka leo hajapatikana wa kumpita, kwaiyo usitegemee jitu.

Brimu ndo wale wadogo wa duara, wa bluu na kifua cha machungwa, ukimwangalia haraka unaweza kusema ni perege, na tabia zinafanana kidogo, dume linachimba shimo la duara kama sahani mchangani, ila kwa brimu ni dume hilo hilo linalolinda mayai. Hawa wote kwa pamoja huku wanaitwa samaki wa kikaango kwasababu wanaenea kikaangoni mzima mzima.

Leseni kwanza, usilete ujanja

Jamani leseni. Najua sisi tumetoka kwetu mtoto anachukua ndoano anaenda mtoni hamna anayemuuliza. Huku askari wa wanyamapori anatokea na boti kimya kimya, anakuomba leseni, anapima samaki wako kwa rula. Leseni unanunua Walmart au mtandaoni, hakikisha ni ya maji baridi, yani yasiyo ya chumvi, na ni ya jimbo lile unalovulia, hapa mpaka unapita katikati ya ziwa kwaiyo soma sheria za pande zote mbili kabla hujapiga kasia kwenda ng'ambo.

Ila kuna mlango wa bure ambao watu wengi hawaujui: ndani ya hifadhi za jimbo la Texas, yani zile steti paki, ukivua kutoka ukingoni au kwenye gati la hifadhi huhitaji leseni kabisa, unalipa kiingilio cha geti tu. Caddo ina steti paki yake pale Karnack. Kwa anayeanza aende hapo, ajaribu, akiona anapenda ndo anunue leseni.

Idadi nayo ina kikomo. Texas kwa ujumla ni krapi 25 kwa mtu kwa siku na urefu usiopungua inchi 10, lakini maziwa mengine yana sheria yake tofauti na hiyo ya jumla, kwaiyo ingia kwenye tovuti ya idara ya wanyamapori utafute jina la ziwa lenyewe.

Vifaa, na usiuziwe duka zima

Ukiingia duka la uvuvi utatoka na deni. Unachohitaji ni hivi. Fimbo moja ndefu nyepesi ya futi 10 mpaka 12, hata mwanzi mtupu unatosha, urefu ndo muhimu kwasababu hurushi, unashusha chambo taratibu pembeni ya mti kama unadumbukiza majani ya chai kwenye kikombe. Mshipi wa pauni 8 au 10, yani uzito unaoweza kubeba bila kukatika. Vitabu vingi vitakwambia pauni 4 maana krapi haoni mshipi mwembamba, sawa, lakini hiyo ni kwa maji yaliyo wazi, kwenye visiki utakata mshipi mpaka ulie.

Ndoano nunua zile za waya mwembamba za rangi ya dhahabu, namba 2 au namba 4. Hapa kuna siri. Ndoano ikinasa kwenye gogo, na itanasa, we vuta polepole kwa mshipi wa pauni 10, ule waya mwembamba unanyooka wenyewe unatoka, unaukunja tena na koleo unaendelea kuvua. Ndoano nene haitoki, unakata, unafunga upya, na huku samaki wanamsogelea mwenzio. Kwa brimu chukua namba 8 yenye shingo ndefu, mdomo wake ni mdogo, na kumbuka namba ikipanda ndoano inapungua.

Boya dogo jembamba, usichukue lile la duara kubwa kama yai. Risasi moja au mbili ndogo za kubana na meno ya koleo. Koleo lenyewe. Ndoo. Kiboksi cha barafu. Basi.

Chambo

Vidagaa hai, huku wanaita mino, ndo mfalme kwa krapi. Unamtoboa midomo yote miwili toka chini kwenda juu, au unampitisha chini ya pezi la mgongo bila kugusa uti, aendelee kuchezacheza. Usiwaongezee maji ya bomba, klorini inawamaliza, wape maji ya ziwa kidogo kidogo na uwaweke kivulini. Kidagaa aliyekufa krapi atamwangalia tu.

Kama hutaki kufuga vidagaa tumia jigi, kale kachambo bandia ka risasi kenye manyoya au mkia wa plastiki, uzito wa sehemu moja ya kumi na sita ya aunsi au nyepesi zaidi. Kwenye maji haya ya chai rangi ya kijani-njano inayong'aa ikichanganywa na nyeusi inafanya kazi, maji yakiwa safi nenda na nyeupe. Mi binafsi naamini watu wanabishana sana kuhusu rangi wakati chambo chao kiko kwenye kina kibaya.

Brimu hana makuu, nyungunyungu au nyenje anakula. Kipande cha nyungunyungu kinachofunika ndoano tu kinatosha, ukiacha mkia unaning'inia brimu atakula mkia akuachie chuma.

Muda wa mwaka

Maji yakifika nyuzi 60 mpaka 68 za Farenihaiti, sawa na 16 mpaka 20 za Selsiasi, krapi wanapanda maji mafupi kutaga, na kwa huku inaanguka kati ya mwisho wa Februari na Aprili. Hapo hata asiyejua anapata. Nunua kipimajoto cha dola chache ukifunge kamba, ni bora kuliko kuangalia kalenda maana baridi ikirudi siku mbili samaki nao wanarudi nyuma. Brimu anataga baadaye, maji yakiwa yamepita nyuzi 70, kuanzia Mei na kuendelea, na anarudia rudia kutaga kiangazi chote. Kwaiyo krapi wakiisha mlango wa brimu unafunguliwa, hamna kukaa nyumbani.

Kiangazi kikali krapi anashuka kwenye mikondo yenye kina, zile njia za boti na mkondo wa zamani wa mto, na unampata alfajiri au usiku. Mchana wa Agosti pale kwenye kinamasi nisikudanganye, utapata mbu.

Mahali, yani mti gani

Ukifika utaona miti elfu na utachoka kabla hujaanza. Sio kila mti una samaki. Angalia mti uliokaa peke yake mbele ya wenzake ukielekea maji ya kina, au mti mnene wenye vigoti vingi, ile mizizi inayochomoza juu ya maji kama magoti ya watu wamekaa, au palipoanguka gogo likaacha matawi chini. Krapi anapenda kitu cha wima cha kujiegemeza, anakaa kivulini anasubiri vidagaa vipite.

Halafu magugu. Sisi wa Ziwa Victoria tunayajua magugu maji, huku kuna mwenzake anaitwa salvinia, aliingia Caddo mwaka 2006, anatandika juu ya maji kama zulia. Katikati ya zulia nene usipoteze muda, mwanga haupiti na hewa chini yake ni hafifu. Pembeni ya zulia, pale linapoishia na maji wazi kuanza, hapo ndo weka chambo. Na ukitoka na boti ikague mpaka chini ya trela uondoe kila jani na umwage maji yote, kusafirisha hilo gugu ni kosa kisheria, na sio sheria ya kijinga, jani moja linatosha kuua bwawa lingine.

Kila mti upe dakika kumi, ukiona kimya hama. Upande wa kivuli kwanza, kisha zunguka shina lote. Ukipata mmoja usihame hata kama mkeo anapiga simu, krapi hakai peke yake.

Kina, na hapa nisome taratibu

Macho ya krapi yamekaa yakiangalia juu. Anakula kinachopita juu yake au usawa wake, kushuka chini kufuata chakula hataki. Chambo kikiwa nusu futi juu ya kichwa chake anapanda anachukua, kikiwa nusu futi chini ya tumbo lake anaweza asijue kama kipo. Ndo maana yule mzee alisema navua chini ya samaki.

Fanya hivi. Funga risasi nzito kwenye ndoano, shusha mpaka mshipi ulegee, hapo umegusa chini, pima kwa mkono ni futi ngapi. Tuseme ni sita. Toa ile risasi, weka boya ili chambo kikae futi mbili chini ya uso wa maji. Dakika tatu. Hamna? Ongeza nusu futi. Dakika tatu tena. Endelea hivo mpaka ubakize kama futi moja kufika chini. Usianzie chini kupanda juu, anzia juu ushuke, ukianzia chini unaweza kuwapita wote bila kujua. Ukigongwa, yani samaki akidaka chambo, kwenye futi tatu na nusu, weka alama kwenye mshipi kwa kalamu au fundo la uzi, maana siku hiyo karibu wote watakuwa hapo hapo futi tatu na nusu, mti huu na mti ule. Jua likipanda wanashuka kidogo, nawe shuka nao.

Msimu wa kutaga hesabu inarahisika, wako futi mbili mpaka sita, na maji yakiwa machafu wanakuja pafupi zaidi.

Kugongwa na kuvuta

Boya la brimu linacheza ngoma, linadunda dunda halafu linazama. Krapi ana heshima zake, mara nyingi boya linateleza pembeni kama linavutwa na mtoto mchanga, au kitu cha ajabu zaidi, linalala ubavu. Wima lilikuwa limesimama, ghafla limelala. Mgeni anadhani chambo kimegusa chini. Hapana, krapi amekichukua toka chini na anapanda nacho, uzito wa risasi umetoka kwenye boya ndo maana limelala. Vuta.

Ila kuvuta kwenyewe sio kule kunyakua tunakofanyiana na sangara. Mdomo wa krapi ni laini, pembeni ni kama karatasi, Wamarekani wenyewe wanamwita mdomo wa karatasi. Mi nilimpoteza mkubwa kuliko wote niliowahi kumwona namna hiyo, nilimwona kabisa ubavu wake unang'aa, nikavuta kwa hasira, nikabaki na kidonge cha ngozi ya mdomo kwenye ndoano. Nyanyua fimbo tu, kama unanyanyua mfuniko wa chungu, mshipi ubaki umekaza muda wote, na akiwa mkubwa tumia wavu wa mkono, usimwinue juu ya maji kwa mshipi. Ukimshika laza mapezi ya mgongoni kwa kiganja toka kichwani kurudi nyuma, ile miiba haina mchezo.

Ukiwa na watoto

Achana na krapi, nenda kwa brimu. Kuanzia Mei tafuta pafupi penye mchanga au changarawe uone mashimo mengi ya duara yamepangana, moja ubavuni mwa lingine. Nyungunyungu, ndoano namba 8, boya dogo, futi moja na nusu, mtoto wa miaka sita anatoa kumi kwa saa. Akipata jike limejaa mayai mfundishe kurudisha baadhi. Kwenye boti watoto chini ya miaka 13 kwa sheria ya Texas lazima wavae jaketi la kuokolea boti ikiwa inatembea, na we mtu mzima vaa pia, chini ya haya maji kuna tope na mizizi, hata anayejua kuogelea mguu unanasa.

Yatakayokuuma

Nyoka wa kuogopwa hapa ni mokasini wa majini, mnene, akitishwa anafungua mdomo ndani mweupe kama pamba. Wapo nyoka wengi wa maji wasio na sumu na watu wanawaua bure kwa kuwafananisha. We usipime ni yupi, rudi nyuma. Usishike gogo kabla hujaliangalia na usipite na boti chini ya matawi kichwa kikiwa juu. Mi matawi hayakunipa nyoka, yalinipa nyigu wekundu, niligonga mti na ubavu wa boti wakashuka kama mvua, nikajirusha majini na simu mfukoni.

Mamba wa huku, aligeta, ni mpole kuliko wetu lakini ni mamba. Usimtupie chochote, ni kosa pia, usiparulie samaki ukingoni, na ule mkufu wa samaki, yani kamba unayowatungia uliowavua, usiufunge kiunoni.

Kupotea nako kupo. Miti yote inafanana. Njia za boti zina nguzo zenye namba, piga picha ya nguzo ya kwanza kabla hujaingia na ukumbuke mtandao wa simu unakatika humo ndani.

Nyumbani

Samaki aingie kwenye barafu akiwa hai bado, usimwache kwenye ndoo ya maji ya moto mpaka jioni halafu ulalamike ananuka tope. Brimu mparue magamba, toa matumbo na matamvua, mchanje ubavu mara tatu, chumvi, ndimu, kitunguu saumu, pilipili manga, mkaange mzima. Krapi mkubwa mtoe minofu.

Na hapa ndo nilicheka. Watu wa kusini wanapaka samaki unga wa mahindi kabla ya kukaanga, wananieleza kama kitu kigeni kabisa kwangu, nami nyumbani nina furushi zima la unga wa ugali. Changanya unga na chumvi, pilipili ya kuwasha na bizari kidogo, gusisha minofu ikiwa na unyevu, mafuta yawe yamechemka vizuri, dakika tatu au nne inaelea na imekuwa rangi ya dhahabu. Unga unaobaki unasongea ugali, kachumbari pembeni.

Kitu kimoja cha afya: bass na samaki wengine wakubwa wanaokula wenzao kwenye vinamasi kama hivi wanajikusanyia zebaki, angalia tangazo la idara ya afya ya jimbo kwa ziwa unalovulia, hasa kama kuna mjamzito au watoto wadogo. Krapi na brimu wadogo huwa na afadhali.

Vichwa vya krapi usitupe. Jirani yangu mmoja anavifunga kwenye mfuko anavipeleka kwenye pipa, nimeshamwambia aviache mlangoni kwangu, natia nyanya, bilinganya na ndimu, supu inatosha watu wanne.